Uzi wa Tatu

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Mtu mwenye akili zake akiona maji yanapanda ngazi za nyumba yake saa nne asubuhi, jua linawaka, hutafuta ndoo. Yeye alitafuta kalamu.

Maji hayo aliyajua. Aliyaandika mwenyewe. Mwezi mzima alikuwa akisuka hadithi mbili katika daftari moja: sura hii, mji unaomezwa na maji, sura inayofuata, mji usioonja hata tone. Katika mji wa maji alimweka mwanamke, na kwa uvivu wa kubuni akampa kovu la mkewe, lile la moto kwenye kidole gumba. Jana aliandika kwamba maji yamefika ngazi ya tatu. Leo yalikuwa ngazi ya tatu.

Sura ya mwisho ilidai mtu mmoja azame. Akamnusuru mwanamke, akamzamisha mwanamume wa mji mkavu, bwana asiye na jina wala ndugu wa kumlilia. Kisha akashuka mbio, maji yakimfika magotini, hadi chumba cha chini ambako mkewe husukia watu nywele.

Sakafu ilikuwa kavu. Mkewe alikuwa anamsuka mteja aliyesinzia, kalamu kaichomeka katika nywele zake mwenyewe mahali pa kitana. Alimtazama mumewe anavyochuruzika, akamuuliza kama siku hizi anaoga na suruali.

"Nimekuokoa, mke wangu," alisema, meno yakigongana. Akamsimulia yote.

Mkewe hakushtuka. Aliuliza tu hadithi zenyewe ni ngapi. Mbili, akajibu. Mkewe akacheka kicheko cha fundi anayekagua kazi ya mwanagenzi, akasema mbili hazisukiki bila uzi wa tatu. Hupotwa tu kama kamba, na ukiziachia zinafumuka.

Mumewe akabisha. Mwandishi ni yeye, akasema, miaka yote ya ndoa yao mwandishi ni yeye. Mkewe akataka kujua ni miaka mingapi hiyo. Mumewe akaanza kuhesabu kwa vidole. Hata siku ya harusi hakuikumbuka. Sakafu bado kavu, lakini shati lake lilikuwa limelowa hadi kifuani, na baridi ilikuwa inapanda.

"Sasa huo uzi wa tatu uko wapi?" alinong'ona.

Mkewe akachomoa kalamu nywelini.

"Wa tatu ni wewe, mume wangu. Msusi ni mimi."