Ndoo ya Chumvi Iliyobaki Wazi

Chini ya tangi la samaki palikuwa na ndoo mbili, pacha, zote zina picha ya matumbawe. Kabla ya kusafiri, baba mkwe alisema, "Ukibadilisha maji ya tangi, tia chumvi ya samaki. Ukikosea chumvi, umeniua." Kijana aliyemwoa bintiye aliitikia tu, "Ndiyo, baba, ndiyo, baba," akili iko kwingine.

Ampigie sasa kumuuliza? Heri ardhi ipasuke immeze.

Alionja. Zote chumvi. Akachagua ile nyeupe zaidi, akaikoroga kwenye maji, akayamimina yote tangini.

Tumbawe la rangi ya chungwa, lile ambalo mzee hulisalimia kila asubuhi kabla hajamsalimia mkewe, likaanza kukunja vidole vyake, kimoja kimoja, mpaka likawa ngumi.

"Limeshtuka tu," alijiambia.

Mama mkwe akatoka jikoni na bakuli mkononi.

"Nipishe, mwanangu, nichote chumvi ya mboga. Baba yako alitaka kuitupa hii ndoo chumvi yake ya samaki ilipoisha. Ndoo nzuri hivi! Nikaichukua, nikatia chumvi yangu ya jikoni."

Akaipita ile iliyofungwa. Akainama kwenye ile ambayo kijana alikuwa bado hajaifunika.