Paja la Aliyetangulia Juu

Ati "mimi ndiye niliyeolewa kwanza nyumba hii, nipakuliwe kwanza." Mwanaidi huyo, kanambia mimi mkwewe, kisha kajiondokea. Basi sikiliza wewe.

Zamani, kabla watu hawajathubutu kupanda roketi, walirushwa wanyama. Siku moja Simba akawafanyia karamu, akasema, "Paja la mbuzi ni la aliyetangulia juu."

Mbwa akasogea. "Lete huku. Mimi nimeizunguka dunia kama setilaiti."

"Nilishapanda mimi, wewe bado unafukuzwa majikoni," Kima akamwambia.

"Ulipanda ukaanguka kama dafu. Kwenda gani huko, shemeji?"

Wakavutana hivyo mpaka nyama ikapoa. Mara wakasikia kijisauti kinatoka juu ya paja lenyewe.

"Samahanini, wakubwa. Roketi ile ya mwanzo kabisa nilikuwemo mimi."

Alikuwa Nzi. Simba akacheka. "Kweli, nilikusahau kwa udogo wako. Haya, paja lako, kula."

Nzi akafikicha mikono yake. "Ahsante, nimeshakula. Tangu mlipoanza kubishana."

Ukipita kwa Mwanaidi mfikishie, wala usiipunguze chumvi.