Shamba Lililobaki Zima

Uvumi ulifika nyumbani kwa Verdiane pamoja na bidon tupu ya maji. Murekatete, binti yake wa miaka tisa, aliitua mulangoni.

"Mama, wananikataza maji. Wanasema wewe njo ulifunga mizizi ya tomati yao kwa uchawi."

Verdiane alicheka, akaendelea kuchambua maharagwe. Lakini neno hilo halikumutoka tena. Alilisikia katika kila kikohozi cha jirani, katika kila mulango uliofungwa alipopita.

Ubaya ni kwamba kila muntu aliona kwa macho yake. Kwenye mulima ule wa Karuba, mashamba kumi na moja ya tomati yalikuwa yamelala chini, majani bado mabichi, kama maiti waliovikwa vizuri. Shamba la Verdiane tu, katikati yao, lilisimama.

Angekwenda wapi? Straton, mume wake, alikuwa Buleusa, upande wa Walikale, na barabara ya kule ilikuwa imefungwa tangu Noeli. Kwingine hakuwa na ndugu. Alibaki na watoto watatu na maji ya mvua.

Tumaini lake lilikuwa Carmel, agronome, fundi wa kilimo kutoka Goma. Carmel alikata shina moja katika kila shamba, akayatia katika glasi za maji safi. Glasi kumi na moja ziliteremsha uzi mweupe kama maziwa, alama ya ugonjwa. Glasi ya Verdiane ilibaki wazi. Kisha Carmel akafunga udongo wa kila shamba katika mufuko wake, na namba yake, apeleke labo upimwe.

"Mikrobe za udongo, hivi vidudu visivyoonekana, ziko na jamaa, sawa watu," alieleza. "Kuna jamaa hii, kuna ile. Tukijua jamaa yake, tutajua ilipitia wapi."

Verdiane alihesabu siku. Karatasi ya labo ingemufungua.

Ilifika mwezi wa pili. Papa Nzabandora, chefu wa kijiji, aliwaita wote mbele ya kanisa, na Carmel akasoma: mashamba kumi na moja, mikrobe ya jamaa moja. Shamba la Verdiane, hakuna kitu.

Adelaïde, ambaye shamba lake lilikufa la kwanza, aliinuka kabla karatasi haijakunjwa. "Munasikia? Hata labo inamujua! Yetu yote inakufa, yake inanenepa! Nguvu ya tomati yangu imeenda wapi, kama haiko kwake?"

"Ngoja, Mama Adelaïde," Carmel alisema. "Tujiulize ni nini kiliingia katika mashamba kumi na moja, kisiingie kwake. Kabla ya kupanda, kila nyumba ilileta konzi ya udongo hapa kanisani. Mukauchanganya katika beseni moja, mukauombea, kila muntu akarudisha konzi yake shambani. Mama Verdiane hakukuja, mutoto wake alikuwa na malaria. Udongo wa muntu mumoja ulikuwa tayari na ugonjwa. Beseni njo iligawia wengine."

Mumoja alicheka, na wote wakafuata.

"Ati Mungu anagawa mikrobe!"

"Dada agronome, tafuta kofia, jua limekupiga!"

Papa Nzabandora hakucheka. Aliinua mukono. "Tutangoja Pasaka. Kama tomati ya huyu mama itakuwa ingali inasimama peke yake, atashuka mulima na watoto wake."

Hivyo karatasi iliyopaswa kumufungua njo ilimufunga.

Carmel alimusindikiza mpaka nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akamuandikia mashauri kwenye karatasi ya daftari, herufi kubwa, kwa sababu Verdiane aliishia darasa la tano.

"Udongo wako njo wa mwisho ulio safi hapa," alisema. "Ukichafuka, miaka na miaka hutapanda tomati wala viazi. Tafadhali, fuata hii."

Verdiane alitazama watoto wake, kisha shamba.

"Na ikiingia, inachukua siku ngapi kuonekana?"

"Mvua ikinyesha hivi, wiki mbili, tatu. Usiogope, mama. Ukifuata, haitaingia."

Wiki mbili kabla ya Pasaka, muche wa kwanza ulilala saa sita ya muchana. Kesho yake ililala saba. Verdiane alikata shina, akalitia katika glasi ya maji, akachuchumaa akilitazama. Uzi mweupe ulishuka polepole. Hapo akapiga yowe, na majirani wakaja mbio.

Adelaïde alipita kati ya mistari akishika kichwa. Halafu akamukumbatia Verdiane kwa nguvu, wote wawili wakilia.

"Kumbe na wewe, dada yangu! Na sisi tulikusema vibaya hivi. Utusamehe."

"Nimesamehe. Imekuwa yetu wote."

Mumoja alileta maharagwe, mwingine sombe ya majani ya muhogo. Papa Nzabandora alikula nao, akatangaza kwamba mambo imeisha, hakuna wa kushuka mulima. Murekatete alitoka kuchota maji na wenzake, wakisukumana na kucheka njiani.

Walipoondoka wote, Verdiane alifunga mulango. Alitoa karatasi ya Carmel ndani ya mufuko wa unga, akasogea karibu na moto ili aichome. Aliisoma mara ya mwisho, kidole kikifuata herufi. Pembeni ya kila mustari kulikuwa na alama yake ya kalamu, alama ambayo mutoto wa shule anatia kwenye kazi aliyokwisha kuifanya.

Usilime na jembe lililotoka katika shamba lenye ugonjwa.

Usiingie shambani na matope ya shamba la wengine miguuni.

Usimwagilie maji yaliyopita katika shamba lililokufa.

Usizike miche ya wengine iliyokufa kati ya mistari yako.

Usilete udongo wa jirani, hata konzi moja, hata kama umeombewa.