Upande Uliobaki

Kila alipokuja kwa mshauri wake, Bi Rukia, Mama Sekela alikaa akiangalia rangi na udongo wa kufinyanga vilivyopangwa mezani mpaka saa ikaisha, akaaga. Maswali ya Bi Rukia aliyajibu kwa kichwa tu. Leo mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kicha cha nyuzi nyeusi za sufu. Alikifunga kwenye egemeo la kiti, akakigawa katikati kwa ncha ya penseli, akaanza kusuka. Vidole vilikwenda mbio, kama vya mtu anayewahi jambo.

Upande wa kulia ulipokwisha, mlango ukagongwa. Mwenye miadi mwingine alikuwa amefika.

"Umesuka vizuri, Mama Sekela," Bi Rukia alisema kwa upole. "Tutamalizia siku nyingine."

Mikono ya mama ikaganda.

"Ndivyo nilivyomwambia." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kichwa nusu kimesukwa, nusu bado. Akanibembeleza nimalizie. Nikamwambia nimechoka, kalale, tutamalizia kesho. Asubuhi namwamsha, haamki." Alizipapasa nyuzi zilizobaki. "Tukamzika na kitambaa kichwani, watu wasione."

Bi Rukia alikwenda mlangoni, akasema maneno mawili matatu na aliyegonga, akafunga. Kisha akarudi, akapiga magoti kando ya kiti na kukishikilia kisiyumbe.

Mama Sekela akaokota penseli, akaanza kuutenga upande wa kushoto taratibu.

"Tulia, mwanangu," alinong'ona. "Usitikise kichwa."