Jina la Tisa

Siku ya tatu baada ya mtu mwenye bunduki kuua watu tisa katika duka kubwa la mji wetu, nilimpelekea jirani yangu Verna trei ya makaroni na jibini. Mumewe alikuwa mmoja wa wale tisa. Mume wangu alikuwa humo dukani pia, akatoka mzima.

Jikoni kwake nilikuta trei kumi na nne, kila moja ikiwa na jina la aliyeileta kwenye utepe uliobandikwa ubavuni.

"Na wewe makaroni," alisema Verna. "Mji mzima hamjui kupika kingine?"

Sikucheka. Tumekuwa majirani miaka ishirini na sita, na nilijua huenda siku hiyo ikawa mwisho wa urafiki wetu.

"Verna, waliposoma orodha ya waliouawa pale kanisani tulipokuwa tukisubiri, jina la tisa, la mwisho, likawa la mumeo, mimi nilisema asante Mungu. Na nilikuwa nimekushika mkono."

Aliendelea kukwangua kwa ukucha jibini lililogandia ukingoni mwa trei yangu, mpaka likabanduka lote.

"Nilikusikia," alisema. "Ningekuwa wewe, ningesema hivyo hivyo, tena kwa kuruka."

Verna aliisogeza trei yangu katikati ya meza.

"Sasa huyo mumeo uliyemficha garini hapo nje nisimwone, atajikunja humo kama mwizi mpaka lini? Mwite aje ale. Tangu Jumamosi hakuna mwanamume wa kunilalamikia chumvi."

Niligeuka kwenda kumwita, lakini Verna alikuwa ameshanipita, miguu mitupu, akiliita jina la mume wangu.