Ndege Iliyopaa Mara Moja

Msumeno ulipita nyuma ya kiti cha rubani, na ndege ya kivita ya plastiki ikakatika vipande viwili juu ya meza ya kulia.

"Umeinunua nzima ili uikate?" mke wa fundi simu aliuliza.

"Hii ni ya mafunzo, ina viti viwili. Ya baba ina kimoja."

Fundi simu alimwonyesha picha iliyoegemezwa kwenye jagi. Ndani yake baba mkwe wake, kijana bado, amevaa ovaroli, mkono mmoja juu ya pua ya ndege, anatabasamu kama aliyeizaa. Katika utumishi wake wote wa jeshi la anga, mzee alibaki na picha hiyo moja. Hakuwahi kusema kwamba alikuwa rubani. Shangazi za mkewe ndio waliosema, naye hakuwakatalia.

Tangu ateleze bafuni, mzee hakuwa tena mtu wa kuishi peke yake. Kila jioni binti yake alivuka mji kwenda kumpikia, akarudi miguu imemvimba. Nyumbani kwao chumba kilikuwa tayari, shuka zimetandikwa, lakini mzee hataki kusikia. Mara moja tu aliyowahi kufika, aligeuza kiti miguu juu, akakichungulia, akasema, "Gundi tupu," na kuomba arudishwe kwake. Kuanzia siku hiyo mkwewe hakuwa na jina jingine ila "yule wa simu".

"Nikimpelekea ndege yake," fundi alisema, "labda na mimi ataniona mtu."

"Au ataigeuza miguu juu."

Fundi alitoa kipande cha upana wa kidole, akaunganisha kiwiliwili upya. Shimo la kiti cha nyuma alilifunika kwa plastiki nyembamba, akapaka puti, akapiga msasa mpaka mshono ukapotea. Hapo ndege ya mafunzo ilikwisha kugeuka ndugu yake wa kiti kimoja, na mtu mwenye akili zake angeishia hapo.

Lakini picha ilimkatalia. Kwa lenzi anayotumia kutazama matumbo ya simu, aliona pua butu kuliko ilivyopasa. Mabawa yalinyooka kama rula. Kioo cha rubani kilikuwa cheusi tii. Na puani palikuwa na mstari wa vitone, ulioanza vizuri kisha ukapinda.

Mwenye duka ambako fundi aliinunua ile ndege alifungua kitabu chake, akakilinganisha na picha ya mzee, akacheka mpaka akakohoa.

"Kaka, ndege ya namna hii hakuna aliyeiunda. Hii hairuki."

"Basi ilikuwa ya siri."

"Siri hata kwa hewa?"

Fundi alimeza dhihaka hiyo, akampigia simu mzee. Alijikaza, akauliza kama ile ndege ya kwenye picha ilipaa mara nyingi.

"Mara moja," mzee alijibu. "Ilitosha." Akakata.

Fundi aliishika simu kwa heshima kwa muda. Mara moja tu, na ikatosha. Safari ya hatari iliyoje hiyo! Aliirudia pua kwa msasa hadi ikawa butu, akayakata mabawa na kuyaunganisha upya yanyooke. Akapaka kioo rangi nyeusi. Vitone alivitoboa kwa sindano, kimoja kimoja, na mstari ulipopinda pichani, naye akaupindisha.

Jumapili walimkuta mzee kwenye kiti chake kizito cha mbao. Aliipokea ndege. Kisha, kweli, akaigeuza miguu juu.

Mke alimtazama mumewe.

"Kiti cha nyuma?" mzee aliuliza.

"Nimekiziba, baba."

"Na kioo, mbona hakioneshi ndani?"

"Ndivyo kilivyo kwenye picha."

Kidole gumba cha mzee kilisafiri puani, kitone kwa kitone, kikasimama penye kupinda.

"Hivi navyo viko kwenye vitabu?"

"Haviko, baba. Wamenicheka sana. Ila nilisema, kama baba alisimama nayo, iko."

Mke alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili, kama anaulinda usidondoke.

"Kusanya nguo zangu," mzee alimwambia binti yake. "Nitakaa kwa mwanangu huyu. Viti nitamrekebishia."

Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza mbele ya mkwewe.

"Hata misumari yangu iliyopinda ameiona! Ndege yenyewe ilikuwa ya bandia, tuliiunda kwa mbao za masanduku, ili adui aidhanie ya kweli, amalizie mabomu yake hapo. Adui hakuja, ulikuja upepo, ikaruka ukuta wa kambi, na mimi seremala wake nyuma, naifukuza kwa miguu."