Hatua ya Sita

Kwenye wodi ya watoto njiti, kuta zinatembea. Kila asubuhi mashine inagawa nafasi: mtoto anayeelekea kupona anaongezewa chumba, anayelegea anapunguziwa, na kilichokatwa anapewa jirani. Hakuna anayekwambia kitu. Unapima mwenyewe kwa miguu.

Mwanetu Lusajo ana siku kumi na moja na gramu mia tisa. Jana chumba chake kilikuwa hatua sita.

"Pima, Baba Lusajo," mke wangu Sekela akasema. Alijifungua kwa upasuaji, kwa hiyo kutwa yuko kwenye kiti, kando ya kile kisanduku cha joto.

Nilikuwa nimeshapima kimyakimya alipokuwa anamtazama mtoto. Tano, tena ya tano haikutimia. Basi nikaanza upya kwa sauti, hatua fupi fupi, kwa maringo ya bwana harusi.

"Moja. Mbili."

"Mbona unatembea kama kuku aliyefungwa kamba?"

"Viatu vinabana, mama. Tatu."

Akacheka huku kashika mshono. Ng'ambo ya ukuta tukasikia jirani wanaingiza kiti cha pili. Wamepata nafasi.

"Nne. Tano."

Mbele yangu ikabaki miguu ya Sekela, halafu ukuta. Nikasimama. Utani wote ulikuwa umeniishia.

Sekela hakuniangalia. Akanyanyua miguu yake taratibu, mmoja baada ya mwingine, akaikunja juu ya kiti huku ameuma meno kwa maumivu.

"Haya, pita," akasema. "Malizia ya sita."